Kupima mradi wa kuokoa umeme katika mji wenye delestaji (umeme kukatwa kwa zamu)

Tuchukue kabini moja (kituo kidogo cha transfoma kinacholisha mtaa) ya Katuba, komuni ya Lubumbashi, transfo ya kVA 630, na mita kubwa imefungwa upande wa volti ya chini. Tarakimu ni za mfano, lakini aliyewahi kufungua daftari la kabini hapa Lubumbashi atazitambua. Kabla ya mradi, kabini inapata umeme saa 9 kwa siku na inameza kWh 1,890. Mradi unakuja: taa za LED, mita za kulipia kabla, nyaya mpya, mzigo wa fezi (zile nyaya tatu zenye umeme) unasawazishwa. Mwaka unaofuata kabini ileile inameza kWh 2,300 kwa siku. Anayetoa pesa akiziona tarakimu hizo mbili peke yake, ataandika kwamba matumizi yamepanda kwa asilimia 22 na mradi umeanguka.

Ila mwaka huo wa pili umeme ulikuwa unakaa saa 13. Gawanya sasa: kWh 210 kwa saa kabla, kWh 177 baadaye. Kila saa ambayo umeme upo, mtaa unatumia asilimia 16 pungufu.

Miongozo mingi ya kupima ufanisi imeandikwa kwa ajili ya miji ambayo umeme haukatiki. Huko kWh iliyookolewa inaonekana kwenye mita kama upungufu, basi. Hapa kWh iliyookolewa haina muda wa kupumzika: inachukuliwa na avenue ya pili, au inaongeza saa moja kabla ya delestaji. Umeme wetu unatoka mabwawa ya Nseke, Nzilo, Mwadingusha na Koni, mwingine unasafiri kilomita 1,700 hivi kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, mwingine unanunuliwa kupitia Zambia, na migodi imesimama kwenye foleni hiyohiyo. Kungoja jumla ya kWh ishuke ili useme mradi umefaulu ni kungoja kitu ambacho hakitatokea hata mradi ukiwa mzuri kiasi gani.

Saa peke yake haitoshi

Kugawanya kwa saa ni mwanzo tu, na hapa ndipo ripoti nyingine zinajidanganya kwa upande wa pili. Umeme ukikaa nje saa kumi, kisha mtaa ukapiga kelele kwamba moto (umeme) umerudi, kila kitu kinawaka kwa pamoja. Friji zote zimeshapata joto, kwa hiyo kompresa zote zinazunguka bila kupumzika. Reshoo, majiko madogo ya umeme, zinawekwa nyumba hadi nyumba kwa sababu makala (mkaa) ni ghali. Pampu zinajaza mapipa, betri za inverta zinachaji, pasi zinatoka kabatini. Mzigo wa saa mbili za kwanza hauna uhusiano na mzigo wa kawaida wa kabini hiyo.

Maana yake ni hii: saa za umeme zikiongezeka kutoka 9 hadi 13, wastani wa kWh kwa saa utashuka wenyewe hata kama hakuna taa moja iliyobadilishwa. Zile saa nne za ziada ni saa tulivu, kiu imekwisha. Sehemu ya ile asilimia 16 hapo juu si kazi ya mradi.

Dawa ni kulinganisha saa zinazofanana. Chukua kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, na uhesabu tu siku ambazo umeme haujakatika tangu saa 11 jioni. Siku nyingine zitupe, lakini andika umetupa ngapi na kwa nini. Ukibaki na siku chini ya 20 kwa kila upande, endelea kupima. Usikubali kubanwa na tarehe ya ripoti. Jumapili itenge. Tenga pia miezi: Juni na Julai hapa ni baridi, watu wanachemsha maji ya kuoga kwa umeme asubuhi na jioni, kwa hiyo Julai hulinganishwa na Julai, si na Januari. Mradi uliopimwa Juni kabla na Novemba baada utaonekana mzuri sana, na hautakuwa umepima chochote isipokuwa majira.

Saa zenyewe unazipata wapi? Si kwenye daftari la posta kubwa (kituo kikuu cha kusambaza umeme). Daftari hilo linasema laini ya kilovolti 15 ilikuwa na umeme, halisemi kwamba fyuzi moja ya kabini yako ililala imeungua siku mbili. Weka kifaa cha kurekodi ndani ya kabini kwenyewe, fezi zote tatu, kila dakika 10. Halafu gawa vipindi katika mafungu matatu: hakuna umeme, umeme mbovu, yaani chini ya volti 198 au juu ya 242, na umeme mzuri, kati ya 198 na 242, ambayo ni 220 kuongeza au kutoa asilimia 10. Weka kifaa cha pili mwisho wa laini, kwenye nyumba ya mwisho kabisa. Ukipima kabini tu, hutajua kwamba kule mwisho watu wanaishi na volti 160.

Mita ya kabini, na orodha ya wateja

Hesabu yote inasimama juu ya mita hiyo moja, na mara nyingi inadanganya. Transfo ya kVA 630 kwa volti 400 inatoa ampea 909, kwa hiyo TC zake (vifaa vinavyopunguza mkondo ili mita iweze kuupima) huwa 1000/5 na kizidishi ni 200. Fundi akiiacha mita kwenye mpangilio wa 600/5, kizidishi kinakuwa 120 na kabini inaonekana inakula asilimia 60 tu ya inachokula kweli. TC moja ikifungwa kinyume, mzigo ukiwa sawa kwenye fezi zote, mita inaandika theluthi moja: fezi mbili zinajumlisha, ya tatu inatoa. Waya wa volti wa fezi moja ukichomoka, unapata theluthi mbili. Makosa haya hayapigi kelele. Yanakupa tarakimu safi kabisa, na wakati mwingine upotevu unaotoka chini ya sifuri, ambao mtu anausawazisha kimyakimya kwenye Excel.

Kagua hivi: pensi ya ampea kwenye kila fezi, multimita kwenye volti, zidisha ampea kwa volti na kwa kosfi (sehemu ya mkondo inayofanya kazi kweli), kisha linganisha na mita uliyoisoma wakati huohuo. Tofauti ikizidi asilimia 3, usianze. Rudia kila unapokuja, kwa sababu kabini zinafunguliwa na watu wengi.

Orodha ya wateja ni ngumu kuliko mita. Upotevu ni umeme ulioingia kabini ukitoa jumla ya mita za wateja wa kabini hiyo. Sasa, nani ni wa kabini hiyo? Faili la ofisi linamweka mteja kwa anwani, si kwa waya. Nyumba ya kona inaweza kuandikwa kabini A huku waya wake unatoka kabini B. Jirani mwingine amevuta waya mita 80 juu ya mabati kutoka avenue ya nyuma kwa sababu kule delestaji ni nafuu. Na transfo ikiungua, wateja wake wanahamishiwa kwa jirani kwa miezi, bila mtu kubadilisha faili. Hakuna njia ya mkato: tembea laini nguzo kwa nguzo, andika kila waya unaoshuka na namba ya mita yake, mita isiyo na namba iandike hivyo. Watu wawili wanamaliza kabini ya wateja 300 ndani ya siku chache. Kabla ya kazi hiyo, tarakimu ya upotevu uliyonayo ni uvumi wenye desimali.

Na uzipe desimali hizo heshima yake tu. Kabini ikiingiza kWh 100,000 na mita yake ina kosa la asilimia 1, kosa ni kWh 1,000. Upotevu ukiwa kWh 30,000, kosa hilo ni asilimia 3 ya upotevu, linavumilika. Upotevu ukiwa kWh 8,000, limekuwa asilimia 12 na zaidi. Kwa hiyo mradi unaotangaza kwamba umeshusha upotevu kutoka asilimia 8 hadi 7 haujasema kitu, labda kama una mita za daraja 0.5S (kosa la nusu asilimia) na TC zinazolingana nazo.

Fezi: pesa iliyolala chini

Kama ningepewa bajeti ya kufanya jambo moja tu kwenye laini za volti ya chini, ningesawazisha fezi. Ni kazi ya ngazi, ufunguo na viunganishi vipya, na ndiyo inayosahaulika zaidi, maana haina sherehe ya kukata utepe.

Angalia hesabu. Waya wa kusokotwa wa alumini, 3×70 na nyutro (waya wa kurudishia mkondo) ya 54.6 mm², ndio unaoonekana kila mahali. Fezi ina omu 0.443 kwa kilomita, nyutro omu 0.63. Chukua mita 400, mzigo wote mwishoni, ampea 300 kwa jumla. Zikigawanywa 100, 100, 100, nyutro haibebi kitu na waya unapoteza kW 5.3. Sasa zigawanye jinsi zinavyokutwa mara nyingi: 200, 70, 30. Nyutro inabeba ampea 154. Upotevu wa fezi unakuwa kW 8.1, wa nyutro kW 6, jumla kW 14 na kitu. Mzigo uleule, waya uleule, upotevu mara 2.6.

Volti ndiyo inayoeleza zaidi. Kabini ikitoa 230, laini iliyosawazishwa inafika mwisho na 212 kwa kila fezi. Laini isiyosawazishwa inafika na 157 kwenye fezi iliyobeba, 232 kwenye ya pili, na 253 kwenye ile nyepesi, kwa sababu nyutro imevutwa upande mmoja. Nyumba mbili zinazogusana ukuta, moja taa ni nyekundu kama kaa, ya pili balbu zinakufa kila mwezi, na wote wawili wanalaumu ubora wa balbu. (Katika laini halisi mzigo umetawanyika njiani, ukiwa umetawanyika sawasawa, upotevu ni theluthi ya huo na anguko la volti ni nusu. Uwiano wa mara 2.6 unabaki.)

Jinsi ya kufanya: pima ampea za kila fezi na nyutro mwanzo wa laini, saa 1 hadi saa 3 usiku, siku tatu tofauti. Hamisha kwanza nyumba zilizo mwisho wa laini, maana ampea moja kule inapita waya mrefu zaidi. Usihamishe kwa kuhesabu nyumba; nyumba yenye reshoo mbili na pampu ni sawa na nyumba kumi za taa. Mwenye mashine ya kusaga au ya kuchomelea ajulikane yuko fezi gani. Pima tena baada ya wiki mbili, kisha baada ya miezi sita, kwa sababu fundi wa mtaa akiona fezi moja ina volti nzuri atahamishia wateja wake wote huko.

Mwathirika wa hesabu mbaya za upotevu wa kiufundi (ule unaoishia kwenye joto la nyaya na transfo) ni jina la mteja. Kawaida tunakokotoa upotevu wa kiufundi, na kinachobaki tunakiita wizi. Kwa kukosa rekodi za kina, wengi wanatumia kanuni ya zamani: kigezo cha upotevu (wastani wa upotevu ukigawanywa kwa upotevu wa saa ya kilele) ni 0.3 mara kigezo cha mzigo (wastani wa mzigo ukigawanywa kwa kilele), jumlisha 0.7 mara kigezo hicho kikizidishwa chenyewe. Kanuni hiyo haikufikiria delestaji. Chukua laini inayopata umeme saa 12, na katika saa hizo wastani ni 0.6 ya kilele. Ukikokotoa ndani ya saa 12 tu, unapata 0.432, sawa na saa 5.2 za kilele kwa siku. Ukizitia na saa 12 za giza, kigezo cha mzigo kinakuwa 0.3, kanuni inatoa 0.153, na mara saa 24 ni saa 3.7 tu. Umepunguza upotevu wa kiufundi kwa asilimia 29 kwenye karatasi, na asilimia hizo zote zimehamia kwenye safu ya wizi. Ukiwa na rekodi za dakika 10, achana na kanuni: chukua ampea za kila kipindi, zizidishe zenyewe, jumlisha.

Taa za LED, na namna kW 153 zinavyokuwa 43

Mradi wa kugawa taa ndio rahisi kuutia chumvi. Nyumba 1,000, taa tatu kila moja, balbu ya wati 60 inatoka, LED ya wati 9 inaingia. Wati 51 mara 3,000 ni kW 153. Tarakimu hiyo inaandikwa kwenye bango.

Anza kuipunguza. Balbu ya wati 60 inakula wati 60 kwa volti 220 tu. Kwa volti 160 inakula wati 36 hivi, wakati LED yenye draiva nzuri inabaki kwenye 9 yake. Tofauti ya kweli ni wati 27, na kW 153 zimekuwa 81. Kisha ingia nyumbani ukaangalie: tuseme katika kila taa 100 zilizogawiwa, 75 ziko kwenye soketi, nyingine ziko kabatini, zimepelekwa kijijini, au zinauzwa sokoni. Tumebaki na 61. Kisha si zote zinawaka saa ya kilele. Ikiwa ni asilimia 70, ni kW 43.

Bado kuna swali linalouma zaidi. Leo LED ziko kwenye kila duka la mtaani na ni bei nafuu. Nyumba ambayo ingenunua LED yenyewe mwaka huu haijaokolewa na mradi, imesaidiwa tu bei. Kabla ya kugawa, hesabu taa zilizopo, chumba kwa chumba, pamoja na aina yake, na chukua balbu ya zamani mkononi unapotoa mpya. Usipoichukua, itawashwa nje.

Na usihesabu mara mbili. Ukibadilisha nyaya kwanza, volti ikapanda hadi 210, balbu ya zamani ingekula wati 56, kwa hiyo LED inaokoa 47. Ukigawa taa kwanza, inaokoa 27. Chagua mpangilio mmoja, uandike, na usichukue tarakimu kubwa kutoka kila upande. Volti ikipanda, reshoo nazo zinabadilika: ya wati 1,500 inayotoa 790 kwenye volti 160 itatoa 1,370 kwenye 210. Kilele cha kabini kinapanda siku ileile, ingawa chungu cha maharage kinaiva karibu katika nusu ya muda. Mpimaji asiyejua hilo ataandika kwamba nyaya mpya zimeongeza matumizi.

Mita za kulipia kabla

Hapa neno langu ni kali: kWh iliyokuwa inaibiwa na sasa inalipiwa si kWh iliyookolewa. Ni mapato. Ni jambo jema, laini hailipwi kwa maombi, lakini iwekwe kwenye safu yake. Kilichookolewa ni kile kilichoacha kuchukuliwa kabini kwa sababu mtu aliyekuwa analipa forfe (kiasi kilekile kila mwezi), anayeacha reshoo iwake mchana kutwa, sasa anaizima. Vyote viwili vinatokea kwa pamoja, na vinatenganishwa na mita ya kabini peke yake: mauzo yakipanda na kabini ikabaki palepale, umepata mapato, kabini ikishuka katika saa zinazofanana, umeokoa.

Mauzo ya namba (zile zinazoingizwa kwenye mita) si matumizi. Watu wananunua mshahara ukitoka, wengine wananunua wiki kwa wiki kwa kidogokidogo. Kwa mwezi mmoja tofauti ni kubwa mno. Tumia miezi mitatu angalau, au kasome rejesta ya mita yenyewe.

Toa orodha ya mita ambazo hazijanunua kwa siku 90 na uzitembelee zote. Usiandike “wizi” kabla ya kufika. Nyumba inaweza kuwa haina mtu. Na kuna jambo la tarehe 24 Novemba 2024: mita za mfumo wa STS (kiwango cha kimataifa cha mita za kulipia kabla) zilihitaji kuingiziwa namba mbili za kubadilisha ufunguo, kila moja tarakimu 20, kabla ya siku hiyo. Ambayo haikuingiziwa inakataa kila namba mpya. Mteja amenunua, mita imekataa, ameita fundi, fundi ameunganisha moja kwa moja. Kwenye jedwali lako huyo anaonekana mwizi aliyeanza mwishoni mwa 2024. Ukweli ni kwamba mradi haukurudi kuhudumia mita zake. Kama manunuzi ya kabini nzima yanaanguka kuanzia tarehe hiyo, tafuta hilo kwanza.

Transfo mpya: ufanisi unaolala gizani

Transfo ya zamani ya kVA 630 inaweza kupoteza wati 1,300 bila mzigo wowote; iliyojengwa kwa kiwango cha Ulaya cha 2015 cha kundi A0 inapoteza wati 600. Muuzaji atazidisha tofauti hiyo kwa saa 8,760 na kukupa kWh 6,132 kwa mwaka. Kwa kabini inayopata umeme saa 12 kwa siku, ni 3,066. Tuseme nyongeza ya bei ni dola 4,000, riba asilimia 12, miaka 25: malipo ya mwaka ni dola 510. Kila kWh iliyookolewa inagharimu senti 8.3 kwa hesabu ya muuzaji, senti 16.6 kwa hesabu ya kabini yako. Hasara ya mzigo ihesabiwe kando, kwa ampea zilizorekodiwa. Kwa transfo iliyobeba sana, hiyo ndiyo kubwa kuliko ile ya bila mzigo.

Usilinganishe senti hizo na bei ya faktire (bili) peke yake. Katika mji wenye delestaji, kWh iliyoachwa inachukua nafasi ya kitu kingine: jenereta, ambayo ikiwa ndogo inatoa kWh 3 hivi kwa lita moja ya mafuta, au makala. Andika bei zote mbili, ya faktire na ya jenereta, msomaji ajionee.

Kabini ya kulinganisha, na nyumba ngapi

Tafuta kabini isiyoguswa na mradi, kwenye laini ileile ya kilovolti 15, ili delestaji iwapige kwa pamoja. Isiwe ile inayolisha hospitali au pampu za maji, maana hizo mara nyingi hazikatwi kwa ratiba moja na mitaa. Rekodi zote mbili miezi mitatu kabla ya kazi kuanza na uhakikishe zinapanda na kushuka pamoja. Baadaye hesabu ni fupi. Ya mradi imetoka kWh 210 hadi 189 kwa saa. Ya kulinganisha imetoka 205 hadi 215, mtaa umeongezeka watu. Mradi umeleta 21 jumlisha 10, yaani kWh 31 kwa saa, si 21. Ikitokea transfo ya jirani kuungua na kabini yako ya kulinganisha ikabeba wateja wake, siku hizo zote zinatoka kwenye hesabu.

Kwa vifaa vya kurekodi nyumbani, usikisie idadi. Kwa uhakika wa asilimia 90 na kosa la asilimia 10, nyumba zikiwa zinatofautiana kwa kigezo cha 0.5 (mchepuko wa kawaida ukigawanywa kwa wastani), unahitaji 68. Katika mtaa ambao nyumba moja ina taa mbili na ya pili ina baa yenye friji nne, kigezo kinafika 1 na idadi inakuwa 271. Ndiyo maana ni afadhali kuzigawa kwanza katika makundi, zenye biashara kando, zenye reshoo kando, za taa tu kando, kisha kuchagua kwa bahati nasibu ndani ya kila kundi. Na ongeza moja kwa kila kumi; vifaa vinapotea, au mwenye nyumba anakichomoa apate tundu la kuchajia simu.

Rudi miezi 6, 12 na 24 baada ya kazi. Taa zihesabiwe upya, fezi zipimwe, viunganishi vya alumini na shaba vipigwe kipimajoto cha mbali wakati wa mzigo mkubwa. Kinachozidi wenzake kwa nyuzi 20 kifunguliwe.

Kapasita za kusahihisha kosfi zinahitaji jicho zaidi, kwa sababu kila umeme unaporudi zinapigwa na mkondo mkubwa, na delestaji inazirudishia kipigo hicho kila siku. Kosfi ikitoka 0.8 hadi 0.95, upotevu wa nyaya zilizo kati ya chanzo cha umeme na kapasita unashuka kwa asilimia 29, na ni rahisi kuendelea kuandika 29 hiyo kila mwaka huku kapasita imekufa kitambo. Ya kVAr 25 (kipimo cha ukubwa wa kapasita) kwa volti 400 inavuta ampea 36 kwa kila fezi. Volti ikiwa 360 inatoa kVAr 20 tu, kwa hiyo soma volti kabla ya kuihukumu. Ukikuta 36, 21 na 21, tawi moja la ndani limekatika. Ukikuta sifuri kote, angalia fyuzi zake kwanza, halafu muulize mlinzi ni lini iliacha kuunguruma, na ufute akiba yake kwenye jedwali kuanzia mwezi huo.